Chuma Kisichopitia Moto

Bukavu, Kadutu, 14 Oktoba 1990

Kwa binti yangu Nsimire, huko Liège,

Pokea salamu za nyumba nzima, kuanzia mimi baba yako mdogo hadi kuku wa Maman Sophie, ambao mwaka huu wamekataa kutaga. Tuko wazima. Mvua imeanza na barabara ya Nyangezi imekuwa uji, lakini bibi yako, Koko Bulonza, hana neno, anavuta kiko chake asubuhi na jioni na kumkaripia kila anayepita mbele ya nyumba. Maman Sophie amepewa darasa la sita hapo Ibanda, anarudi jioni sauti imekauka. Mimi atelier yangu ya kuchomelea vyuma imejaa milango na madirisha ya watu wenye villa. Na tangu mwezi wa nne, serikali iliporuhusu tena kravati na majina ya ubatizo, nimerudi kuitwa Anaclet hadharani. Kravati yenyewe niliivaa mara moja. Cheche ya soudure iliila katikati, nikaachana nayo.

Sasa jambo lenyewe. Barua yako Abbé Stanislas alinipa baada ya misa, nikaisoma nimesimama palepale mlangoni, watu wakinisukuma. Unasema katika galaksi ya mbali umeona madoa sita, mabaki ya nyota zilizopasuka, na kilichokuonyesha ni mwanga wa chuma. Nsimire, mimi mtoto wa Mushagalusa mhunzi, niliposoma neno chuma nilipiga kelele mpaka watu wakadhani nimefiwa. Ulipokwenda kusoma nyota nilijua tumekupoteza, umeiacha kazi ya nyumba yetu. Kumbe umeifuata njia ndefu tu!

Nimewaambia watu. Usinilaumu, kifua kilikuwa kinataka kupasuka. Jumapili hiyohiyo Évariste, yule mnunuzi wa dhahabu anayekwenda Mwenga na kurudi, aliniita pembeni. "Anaclet, ile chuma mutoto aliona, iko mu carré ya nani? Banaisha kuichimba ao bado?" Nikamjibu eneo hilo la kuchimba liko mbali. "Mbali kupita Shabunda?" Nikasema ndiyo, kidogo.

Kisha nikapanda Nyangezi kwa Koko. Unaijua desturi yetu, ingawa utotoni nyinyi wasichana mlikuwa mnafukuzwa karibu na fuawe. Mtoto wa nyumba akileta kazi yake ya kwanza ya chuma, mhunzi anachukua msumari baridi, anaupiga kwa nyundo tu, bila makaa, bila mvukuto, mpaka ncha yake inawaka. Kwa ncha hiyo anawasha kiko cha mkubwa wa familia, na mkubwa anataja majina ya wahunzi wetu na kuliongeza la mtoto. Baba yako Firmin, Mungu amweke pema, aliwashiwa kwa jembe ambalo watu walikuja kulitazama kutoka mbali. Mimi niliwashiwa kwa kisu kisichokata hata ndizi mbivu. Msichana hajawahi kuwashiwa.

Nikamwambia Koko nataka kuwasha kwa ajili yako. Akauliza: "Chuma yake iko ya moto ao ya nyundo? Kulalisha chuma mu moto, hata mutu wa bure anaweza. Aniambie kwanza."

Basi mwambie. Nami nasubiri na msumari mkononi.

Baba yako mdogo,
Anaclet


Liège, 9 Desemba 1990

Papa Mudogo mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa Maman Sophie na kwa kuku wake waliogoma. Mimi mzima. Baridi ya huku imeanza kuuma masikio na chumba changu kina dirisha lisilofunga vizuri. Ungekuwepo ungelikemea likafunga. Mwambie Évariste carré ile haina mwenyewe, ila gari lake halitafika.

Nilicheka niliposoma swali la Koko, kisha nikaacha kucheka, kwa sababu wiki ileile profesa wangu aliniuliza hilohilo. Yeye hana kiko, ana miwani tu, lakini neno ni moja.

Sikiliza nikueleze, nawe umweleze. Kati ya nyota kuna vumbi jembamba sana, na chuma kimejificha ndani ya chembe za vumbi hilo, kama kilivyojificha katika udongo mwekundu wa Nyangezi. Nyota kubwa ikipasuka, inasukuma kila kitu kilichoizunguka kwa nguvu. Chembe zinapondwa, chuma kinatoka nje kikiwa na joto la pigo hilo, na kinatoa mwanga wake. Mwanga huo uko ng'ambo kidogo ya wekundu, pale jicho linapoishia. Hatuuoni, ila tuna chombo kinachouona. Na uzuri wake ni kwamba unapenya vumbi linaloficha mambo mengine yote. Ndiyo maana naupenda.

Shida ni hii. Chuma kinaweza pia kuangazwa na joto la nyota changa zilizo karibu, bila chochote kupasuka. Hicho ndicho chuma cha moto cha Koko. Kuvitofautisha kunawezekana: penye nyota changa, gesi ya haidrojeni inang'aa sana na chuma kidogo. Palipopigwa, chuma kinang'aa sana na haidrojeni inabaki nyuma. Lazima tupime vyote viwili katika kila doa. Mimi nimepima chuma tu. Mwezi wa tatu nitakwenda Chile, kwenye mlima wenye darubini kubwa, nipime haidrojeni. Kazi ndogo. Usiwe na wasiwasi.

Nikuambie na jambo moja lililonikaa moyoni. Nilipopata diplôme d'État ya kumaliza sekondari, mwaka ule nilikuwa wa kwanza katika jimbo, nyumbani tulikunywa kasiksi ya ndizi na kucheza mpaka majirani wakaja. Ila Koko aliwasha kiko chake kwa kibiriti. Nilikuwa namtazama. Sikusema kitu, lakini niliona.

Nataka kile kiko, Papa Mudogo.

Binti yako,
Nsimire


Bukavu, 3 Machi 1991

Kwa Nsimire,

Salamu kutoka kwetu sote. Barua yako imechelewa mpaka nikadhani imekwenda Chile kabla yako. Usishangae mwandiko ni wa Maman Sophie. Nimeungua kidole gumba na kalamu inanisumbua, kwa hiyo mimi nasema na yeye anaandika.

(Mimi Sophie naandika anachosema, hata pale nisipokubaliana nacho.)

Habari za hapa ni njema. Jirani ameezeka nyumba kwa mabati mapya, mvua ikianza ni ngoma tupu. Kuna lori jipya linalopita asubuhi kwenda Kamanyola, injini yake inakohoa kama mzee, nalijua kabla halijafika kona. Kuku wameanza kutaga.

Tulimsomea Koko maneno yako yote. Sehemu ya vumbi na chuma kilichofichwa hakuniuliza swali hata moja, alikuwa anasema "ee, ee" tu kama mtu anayesikia habari za kijiji chake. Sehemu ya kibiriti nilitaka tuiruke. Akasema, "Soma yote." Tukasoma. Akavuta kiko. Baadaye akasema: "Ni kweli. Niliwasha na kibiriti. Kama ile chuma yake ilipigwa, nitamungoja na kiko baridi."

Unaelewa maana yake? Bibi yule ameniahidi, mbele ya mke wangu shahidi! Nimechagua msumari, ule mrefu wa zamani wa baba, uliobaki katika boriti ya karakana ya Nyangezi. Nenda Chile, upime, urudi na jibu.

Baba yako mdogo,
Anaclet


Liège, 2 Juni 1991

Papa Mudogo mpendwa,

Natumaini barua hii inawakuta salama. Nimerudi kutoka Chile. Ni nchi ya ajabu, mlima mkavu usio na jani, mpaka ngozi ya mkono inapasuka. Chakula kilikuwa kizuri, wanapika samaki na limau. Kulikuwa na mpishi mmoja aliyenipa kiazi cha ziada kila siku akidhani naona haya. Huku Liège miti imetoa maua na watu wanakaa nje kwenye mikahawa na makoti yao, wakisema kuna joto. Nimenunua koti jipya, la kijani. Mvua ya huku si kama ya kwetu, haina hasira, inanyesha tu kama mtu anayelia bila sababu. Jirani yangu wa juu anajifunza kupiga kinanda, na bado hajajua.

Kazi inaendelea.

Kidole gumba chako vipi? Kidole gani hicho kinachouma miezi yote hii?

Binti yako,
Nsimire


Bukavu, 28 Agosti 1991

Nsimire,

Salamu. Wote wazima, Koko mzima, tuache hapo.

Mimi nimekulea tangu Firmin alipoondoka, na hujawahi kunieleza kiazi. Mtu anayejaza ukurasa kwa mvua na maua kisha akaandika "kazi inaendelea" anaficha kitu. Umekwenda kupima haidrojeni na hukuandika hata neno haidrojeni. Nimemfanya Sophie aisome barua mara ya pili, nikidhani ameruka mstari. Hakuruka.

Nimetembea Kadutu yote na jina lako mdomoni. Sijuti. Nikikutana na watu kesho nitalisema tena. Hata kama madoa yote sita yangekuwa ya moto, mtu aliyefika mpaka hapo ni mtu wa kwetu na kichwa changu kiko juu. Lakini kunyamaziwa na wewe siwezi. Mtoto wa mhunzi akiharibu chuma anasema "nimeharibu," na wakubwa wanamwambia apige tena. Nimeharibu vingapi mimi! Waulize walionunua visu vyangu.

Niambie.

Anaclet

(Sophie. Amesema nisiongeze kitu. Naongeza: kidole gumba kilipona zamani.)


Liège, 17 Novemba 1991

Papa Mudogo wangu,

Nawasalimu kwa moyo wote. Barua yako imefika juzi, ikiwa imezunguka sijui wapi. Kwa zile fujo za askari na uporaji za mwezi wa tisa, redio za huku zilitaja Kinshasa tu, nikawa nasikiliza kila saa kama watataja Bukavu. Namshukuru Mungu hawakutaja.

Umenikamata. Kule mlimani nilipewa siku tatu, na siku zote tatu mawingu. Watu walisema hawajaona mawingu ya namna hiyo miaka mingi. Nilirudi mikono mitupu, na profesa akanishauri niyaondoe madoa sita katika thèse yangu ya udaktari, niandike kuhusu chombo na namna kinavyofanya kazi. Si mtu mbaya. Anataka nimalize. Lakini thèse bila madoa yale ni jembe la kuchorwa kwenye karatasi. Nilikataa, nikaomba siku nyingine, na wamenipa za mwisho, mwezi wa kwanza. Mawingu yakija tena, nitaandika kuhusu chombo, na Koko atawasha kiko kwa kibiriti. Hata baada ya kupewa siku hizo nilikuwa nimefikia kukubali ushauri wa profesa. Barua yako ya mwezi wa nane imenizuia.

Sasa zamu yako. Maman Sophie si mtu wa kuongeza mstari bure. Nimezitoa barua zako mbili za kwanza nikazisoma tena. Katika ile ya kwanza kuna barabara iliyokuwa uji, kuna cheche iliyoila kravati. Katika ya Machi kuna mabati yanayolia na lori linalokohoa. Humo hakuna rangi. Hakuna kitu ulichokiona. Ni macho, sivyo? Ni ile soudure, na ile miwani nyeusi uliyokuwa unaiacha msumarini kwa sababu inakutoa jasho.

Nimelia, sitakuficha. Kisha nimekasirika. Kisha nikakumbuka kitu. Ulikuwa unatuambia tusiguse chuma hata kama hakijawa chekundu, na wewe mwenyewe ulikuwa unakisogeza karibu na shavu lako kujua kimefika wapi. Joto lile linalogusa shavu kabla jicho halijaona wekundu ni mwanga, Papa Mudogo. Ni jirani wa mwanga wangu. Nimekuja mpaka Ulaya kuutafuta kwa chombo kinachopozwa kwa hewa iliyogeuzwa maji, kwa sababu mbele yake macho yangu hayana kazi kabisa, na ya profesa pia. Mbele ya mwanga huo sote tuko sawa.

Usimpe mtu mwingine ule msumari.

Nsimire wako


Liège, 8 Februari 1992

Papa Mudogo, Maman Sophie, na Koko,

Nawasalimu. Leo sina habari za mvua.

Anga ilikuwa safi. Nilipima doa moja baada ya jingine, na mistari ya mwanga ilipojitokeza kwenye kioo cha mashine nilishika meza. Matano yamepigwa! Chuma kinang'aa, haidrojeni iko nyuma kabisa, hakuna ubishi. Profesa alikaa akatazama kwa muda mrefu, kisha akavua miwani na kunipa mkono kama mtu mzima mwenzake.

La sita ni la moto. Ndilo lililokuwa linang'aa kuliko yote, ndilo nililoliona la kwanza, na nililipenda. Ni nyota changa tu, zimejazana pamoja, zinaangaza chuma bila kukigonga. Nimeliandika hivyohivyo katika thèse. Mwambieni Koko yote, na hilo msilifiche. Asije akasema nilimdanganya.

Nitaitetea kazi yangu tarehe 27 Machi, na sasa nina kitu cha kutetea.

Nsimire


Nyangezi, Jumatatu ya Pasaka, 20 Aprili 1992

Binti yangu Nsimire,

Barua hii naiandika mwenyewe. Nimejitengenezea bamba la chuma lenye matundu marefu, kalamu inapita ndani yake, Sophie anasogeza tu karatasi. Anasema mahali fulani mistari inapandana. Iache ipandane.

Salamu za Pasaka. Ni macho, ndiyo. Tangu mwisho wa mwaka juzi nilikuwa naona ukungu, sasa natambua tu kama ni mchana au usiku, basi. Sikusema kwa sababu ungeacha kazi ukarudi. Ungerudi, nakujua. Tumemaliza hilo.

Abbé Stanislas alituletea habari kwamba umekuwa docteur, akiwa anakimbia, mtu wa umri ule. Nikasema twende Nyangezi Pasaka, wote. Évariste alitubeba kwa gari lake. Njia nzima anamwambia dereva: "Madoa tano! Na hajachimba hata shimo moja!" Nimeacha kumsahihisha.

Walijaa uani. Nikasikia minong'ono. Binamu zako walikuwa wanasema mutu haone, atajivunja mukono, heri tutumie kibiriti. Koko akasema kwa ile sauti yake: "Kibiriti, muitupe kule." Na nikasikia ikitupwa.

Nikapiga magoti kwenye fuawe ya baba. Nikaupapasa ule msumari mrefu, nikaushika, nikaanza. Pigo la kwanza lilipata ukingo wa fuawe, watu wakaguna. La pili nikajigonga kidogo, sitakuambia wapi. Baada ya hapo mkono ulikumbuka wenyewe. Unapiga, unageuza, unapiga, bila kupumzika, kwa sababu ukipumzika joto linakimbia. Jasho lilikuwa linanitiririka, bega likawaka, nami nikawa nafikiria nyota zako zilizopasuka, kwamba zenyewe zilipiga mara moja tu na ikatosha. Nikausogeza msumari shavuni. Bado. Nikapiga tena. Nikausogeza. Nikaupata ule mwanga wako, Nsimire, umenigusa hapa chini ya jicho, kabla mtu yeyote pale uani hajaona kitu. Nikapiga tena kwa haraka, na ndipo Sophie akalia, "Nyekundu!"

Koko mwenyewe alinishika kifundo cha mkono, akaniongoza mpaka kwenye kiko. Nikasikia tumbaku ikitatarika. Nikasikia akivuta.

Hakuna aliyepiga makofi, unajua mahali pale hawapigi. Nilimweleza kuhusu doa la sita, kama ulivyoagiza. Akacheka, nadhani ni mara ya kwanza mwaka huu. "Mutoto asiyeficha ile ya moto," akasema, "hata ile tano namuaminia." Akapuliza moshi kuelekea karakana na kuanza kutaja, polepole, tangu wale wa zamani ambao hata mimi nawajua kwa majina tu. Alipokaribia majina ya siku zetu alisita, nikaogopa. Mimi ninayejivunia kila mahali, niliogopa.

Akasema: "Mushagalusa. Firmin. Anaclet. Nsimire."

Akalirudia la mwisho, ili waliokaa nyuma wasikie.

Msumari uko ndani ya bahasha hii. Umepinda, na ncha yake imekuwa nyeusi. Mpe profesa aushike.

Baba yako,
Anaclet